Bafu Sio Kabati

Wasee, leo tuongee kuhusu bafu. Ndiyo, bafu. Ile ya ploti, ya mabati, ambayo mlango wake unafungwa na kipande cha waya.

Ploti yetu hapa Kawangware ilikuwa na bafu mbili. Mwenye ploti akazibomoa, akajenga hapo chumba kingine cha kukodisha. Sisi akatupatia bafu moja, imebanwa kati ya choo na ukuta, chini ya ngazi. Ukiwa mrefu unaoga kichwa kikiwa upande. Mlango unafungukia ndani, unagonga beseni. Maji hayaendi, yanakurudia kwa miguu. Tukilalamika tunaambiwa: "Si mtu anatoshea?"

Hapo ndipo nakataa. Kutoshea ukiwa umesimama sio kuoga. Mwenye shawa anaoga amesimama, maji yanamshukia. Sisi tunaoga na beseni. Unainama, unachota, unasugua miguu. Mgongo unaenda nyuma, kiwiko kinaenda kando, na beseni lenyewe linataka mahali pa kukaa. Kwa hivyo ukichukua kipimo cha shawa ya Lavington, ukipunguze, halafu uondoe shawa, hujajenga bafu. Umejenga kabati.

Na sio ploti yetu tu. Zunguka Gatina, au vuka uende Gatwekera na Laini Saba kule Kibera, utaona bafu nyingi zimejengwa kwa kipande kilichobaki. Watu wakichoka wanaogea kwa nyumba, ile ya futi 10 kwa 10 yenye kitanda, jiko na watoto. Ama wanaenda bafu za kulipia, kama zile za vituo vya Umande Trust pale Kibera. Umelipa kodi, halafu unalipa tena ndio uoge. Na kama mlango haufungi vizuri, msichana anangoja giza ndio aoge, halafu hilo giza nalo ni hatari.

Najua mtasema nafasi ni ndogo. Sawa. Lakini mlango wa kufungukia nje ni mlango uleule. Kuinamisha sakafu maji yaende kwa mtaro ni kazi ya mwiko na simiti ileile. Weka mawe kwa kona ya kuinulia beseni, shosho na mama mjamzito wasivunjike mgongo. Misumari ya nguo, komeo la ndani. Fundi angeweka beseni chini na ainame kabla ya kupima, hayo yote angeyaona mapema.

Na usiniambie "si uhame." Nihame niende wapi, na ploti inayofuata imejengwa vilevile? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na usafi wa kiwango kinachokubalika. Haijasema "isipokuwa watu wa ploti."

Kile chumba cha ziada kinamlipa mwenye ploti kila mwezi. Sisi pia tunamlipa kila mwezi.

Kwa hivyo ukienda kuangalia keja, usiangalie stima na rangi peke yake. Ingia bafu na beseni lako, weka chini, inama. Ukigonga ukuta, sema hapo hapo kabla pesa haijatoka kwa simu. Na kama tayari unaishi hapo, ongea na majirani mwende kwa mwenye ploti pamoja. Mpangaji mmoja ni rahisi kumwambia ahame. Ploti nzima si rahisi.