Mkono Unaokufa Ganzi Usiku

Ndugu mfanyakazi, unaamka usiku, kidole gumba na viwili vinavyofuata vimekufa ganzi. Unakung'uta mkono, unalala tena. Asubuhi unashika mashine ya kutoboa mawe. Mmoja atakuambia ni uchovu tu, mwingine atasema umerogwa.

Wote wamekosea. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, mnamopita mshipa wa fahamu pamoja na kano za vidole. Kushika kwa nguvu na kutikiswa na mashine kila siku kunaweza kuvimbisha ndani ya njia hiyo, na mshipa unabanwa. Mama mjamzito naye hupatwa, lakini mara nyingi hupona akisha kujifungua.

Mwanzoni munganga hufunga mkono kwa kibao usiku, au hupiga sindano. Ikishindikana, hupasua. Kazi hiyo si mpya: munganga James Learmonth aliiandika mwaka 1933. Mkono hutiwa ganzi, utepe unaobana hukatwa, na mara nyingi mgonjwa hulala kwake siku ile ile. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Nguvu hurudi polepole, kwa majuma au miezi.

Kisu kinatisha, lakini mimi naogopa zaidi kuchelewa. Nyama ya chini ya kidole gumba ikishakonda, huenda isirudi tena.

Wakubwa wa kazi, msimrudishe mtu kwenye mashine kabla munganga hajaruhusu. Nawe mama, ukiona baba anaangusha kikombe mara kwa mara, msukume aende hospitali. Huku Kalemie, tangu wazee walipochimba makaa ya Lukuga, nyumba inalishwa na mkono.