Niulizeni Homa, Msiniulize Kadi

Kila redio ikitaja ugonjwa mpya, macho yanatugeukia sisi wakimbizi. Ati ni sisi tunaoubeba kutoka Kongo, ati ni sisi tunaouleta kutoka Sudan Kusini. Kisha anatokea mtu anasema: fungeni mpaka, yaishe.

Jamani, tusidanganyane. Ugonjwa unasafiri na watu, hilo hatulikatai. Juni 2019, familia iliyokwenda Kongo kumuuguza babu, akafa kwa Ebola, ilirudi Uganda kwa njia ya panya ikaingia Kasese. Akafa mtoto wa miaka 5, bibi yake, na mdogo wake wa miaka 3. Mwisho wa mwezi huohuo, mama aliyetoka Beni aligundulika na Ebola Ariwara, ng'ambo ya pili tu ya mpaka, soko ambalo watu wa Arua na Koboko wanalijua vizuri.

Lakini tazameni kilichoizuia Ebola Kasese. Siyo ukuta, maana mpaka haukufungwa. Wazazi walimpeleka mtoto hospitali. Wahudumu wakashuku haraka, kwa sababu walikuwa wamefundishwa, na zaidi ya 4,000 kati yao nchini walikuwa wameshachanjwa kabla mgonjwa hajafika. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa upande huu wa mpaka.

Sasa tazameni 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona Uganda, aliyetangazwa tarehe 21 Machi, alikuja kwa ndege kutoka Dubai. Hakuja kwa miguu kutoka Yei. Hata hivyo mpaka ulifungwa, na anayekimbia risasi naye akafungiwa nje. Na Aprili hiyohiyo, Shirika la Chakula Duniani likapunguza chakula chetu kwa asilimia 30. Mtu ana watoto, posho imeisha, na shamba lake liko ng'ambo ya Oraba. Mtamwambia nini? Atakwenda tu. Ukifunga geti, unafunga mahali palipo na maji, sabuni na kipimajoto. Msituni hakuna nesi.

Tena inawezekana kufanya vingine. Julai mwaka huohuo, serikali ilifungua mpaka Zombo, hapahapa West Nile, kwa siku chache. Zaidi ya Wakongo 3,000 waliingia, wakapimwa, wakawekwa karantini kwanza kabla ya kupelekwa makazini. Kumbe mtu anaweza kukaribishwa na kupimwa kwa wakati mmoja!

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Lakini nani anamfanya afiche? Hapa Omugo watu wanakwenda na kurudi: kuzika, kuvuna, kumtafuta mzee aliyebaki. Wote tunajua. Mama akirudi na mtoto mwenye homa, nesi akamuuliza, "Mlikuwa wapi?", anajibu, "Hapa hapa tu." Si kwamba mama huyo ni mjinga. Anaogopa swali la pili: kama umeweza kurudi kwenu, wewe ni mkimbizi wa nini? Anaiona kadi ya chakula ikiondoka. Basi anasema uongo, na nesi anatafuta malaria peke yake wakati huenda kuna surua, kipindupindu au kitu kibaya zaidi.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa ndipo pa kufanyia kazi. Swali la afya litengeni na swali la ukimbizi. Anayeshika kipimajoto asishike orodha ya chakula. Tangazeni waziwazi, kwa Kijuba, Kikakwa, Kilugbara na Kiswahili, kwamba safari utakayoitaja kliniki haitakupunguzia hata kikombe cha posho. Kisha mtimize, maana tumeshasikia ahadi nyingi. Na Oraba, Vurra na kwingineko wekeni nesi kwanza, askari nyuma yake.

Na sisi wenyewe tusijifanye watakatifu. Kama umetoka ng'ambo na mwili unachemka, usiingie msibani ukashikana mikono na watu mia. Nenda kliniki, mwite VHT wa kijiji chako, taja ulikopita. Ukinyamaza, wa kwanza kuugua siyo mtu wa ofisini. Ni mtoto wa jirani mnayechota naye maji.

Tutaendelea kuvuka, kwa sababu nusu ya maisha yetu iko ng'ambo. Tunachotaka ni kuvuka mbele ya macho ya nesi, bila woga wa kulala njaa kwa kusema ukweli.