Reli moja, wageni wawili: Tofauti ni hati, si damu

Jioni moja hapa Manyatta nilikuwa nimeketi katika mkahawa mdogo upande wa Kondele, nikinywa chai na kuyasikiliza mazungumzo ya vijana watatu. Wa kwanza alidai kwamba Wahindi wa mjini wanamiliki maduka ya Barabara ya Oginga Odinga kwa sababu biashara imo katika damu yao. Wa pili akaongeza kuwa Wanubi, ambao nao walitoka mbali na kuingia Kisumu zamani zizo hizo, hawana kitu kwa sababu wamezoea kungojea. Wa tatu akatikisa kichwa kukubali, na mjadala ukawa umekwisha.

Pembeni yetu alikuwako mama mmoja mzee wa Kinubi, amejitanda gurbaba yake. Hakutia neno mpaka alipoimaliza chai yake. Ndipo akawaambia, kwa sauti ya upole, kwamba babu yake alipewa bunduki ilhali babu ya Mhindi alipewa karatasi. Bunduki ilirudishwa ghalani siku ya kustaafu, na karatasi ingali kabatini mpaka leo. Akalipa, akaondoka.

Nimeyatafakari maneno yale kwa siku kadhaa, na kadiri ninavyoyapima ndivyo ninavyozidi kuamini kuwa mama yule alikuwa amesema kweli kuliko sisi sote. Naomba msomaji anivumilie nieleze sababu.

Kwanza tukumbuke kwamba jamii hizi mbili zililetwa na bwana mmoja. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, ambayo wakati huo iliitwa Port Florence, mnamo Disemba 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba ili kuijenga. Karibu 2,500 kati yao walifia kazini, na wapatao 6,700 waliamua kubaki baada ya mikataba yao kwisha. Nyuma yao walikuja wafanyabiashara waliojilipia nauli wenyewe, wengi wakitoka Gujarat. Mashuhuri kati ya hao wafanyabiashara wa mwanzo alikuwa Allidina Visram, aliyefungua maduka kutoka pwani hadi Uganda, na ambaye Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake.

Wanubi nao walikuja kwa njia ya jeshi. Mababu zao walikuwa askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha katika jimbo la Equatoria. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwaandikisha na kuwaingiza Uganda ili wailinde himaya changa ya Waingereza. Waliasi mwaka 1897 kwa sababu ya safari zisizokwisha na ujira duni, na uasi huo ulizimwa kwa damu nyingi. Hata hivyo serikali haikuweza kuishi bila wao. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, lilipoundwa mwaka 1902, Wanubi walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Walipigana katika vita vikuu vyote viwili. Asemaye kuwa watu hawa ni wavivu na ajiulize ni mvivu gani awezaye kutembea maili mia kadhaa akiwa amebeba bunduki begani ili kuitafutia nchi nyingine ushindi.

Sasa tutazame kila mmoja alilipwa nini.

Mfanyabiashara wa Kihindi hakupendwa na mkoloni. Mwaka 1908 serikali ya Uingereza iliafiki kwamba nyanda za juu zenye rutuba ziwe za Wazungu, naye Mhindi akazuiwa kumiliki shamba huko. Lakini alikubaliwa katika sehemu mbili. Mjini alipata kiwanja cha duka, kimepimwa, kina nambari, na kina mkataba wa kukodi uliotiwa sahihi. Katika nyanda za chini, kutoka Kibos kuelekea Miwani na kuendelea, aliruhusiwa kulima. Ndiko Wapunjabi walikopanda miwa na pamba, na ndiko kilikoanza kiwanda cha sukari cha Miwani mwaka 1922, cha kwanza nchini Kenya. Alibaguliwa, ndiyo, lakini alibaguliwa kwa maandishi, na katika maandishi hayo mlikuwamo pia kipande chake.

Askari wa Kinubi alilipwa kwa kauli. Badala ya malipo ya uzeeni yanayoeleweka, aliambiwa ajenge mahali fulani na kuishi hapo na jamaa zake. Ndivyo vilivyozuka vijiji vya Wanubi katika miji na vituo vingi vya Kenya, vikiwamo vya Kibos na Kibigori katika upande wetu huu wa ziwa. Kijiji kilichojulikana zaidi ni Kibera kule Nairobi, ambako askari walianza kuwekwa mwaka 1904. Mwaka 1918 ardhi hiyo, ekari 4,197, ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Tanbihi: ya jeshi, si ya Wanubi. Tume ya Ardhi ya miaka ya 1930 ilikiri kwamba serikali ilikuwa na wajibu kwa wastaafu hao, ama iwarudishe kwao au iwatafutie makao. Wajibu ulikirika, hati haikutoka. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema kwamba kuna wadeni ambao hufa bila kulipa na kuwaachia wengine deni hilo. Ilipofika Juni 2017, serikali ya Kenya iliyo huru iliwapa Wanubi wa Kibera hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe kati ya 4,197 na 288.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Kibos. Hapo jamii zote mbili ziliishi kando ya reli ile ile, katika udongo ule ule mweusi, zikinyeshewa mvua moja. Mkulima wa Kihindi alikuwa na karatasi. Mnubi alikuwa na kumbukumbu. Mnamo Februari 2021, nchi ikiwa bado chini ya kafyu ya Korona, matingatinga yalizibomoa nyumba za Wanubi wa Kibos kwa madai kuwa zimesimama juu ya ardhi ya reli. Zaidi ya watu 3,000 walijikuta nje, wazee kwa watoto wachanga. Hawa ni watu walioishi pale kwa miongo mingi na kuwazika wazazi wao pale. Reli iliyomleta Mhindi na kumpa duka ndiyo reli ambayo, baada ya zaidi ya karne moja, ilitajwa kuwa sababu ya kumwondoa Mnubi kitandani mwake. Kisa hiki ndicho kilichonifanya nishindwe kuyacheka mazungumzo ya wale vijana.

Najua atatokea mtu aniambie: "Lakini Wahindi nao wameteseka." Ni kweli, na mateso yao ndiyo yanayothibitisha hoja yangu. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na maelfu ya Waasia wakafungasha na kwenda Uingereza kabla mlango wa huko haujafungwa mwaka 1968. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 tu waondoke. Walipoteza maduka, viwanda na nyumba. Lakini tazama kilichofuata: wengi walikuwa na pasipoti ya Uingereza, hivyo wakapata pa kuingia. Na Uganda ilipotunga sheria ya kurejesha mali zilizotwaliwa, mwaka 1982, wenye mali walirudi na hati zao mkononi, na wengi wakarejeshewa majengo yao katika miaka iliyofuata. Mtu aliyefukuzwa nchi nzima aliweza kurudishiwa nyumba yake kwa sababu ya karatasi. Mnubi wa Kibos, aliyezaliwa hapa na ambaye hajui nchi nyingine, hakuweza kuitetea yake hata kwa usiku mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena karatasi si hatimiliki peke yake. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi alipotimiza umri wa miaka 18 hakupewa kitambulisho kama jirani yake Mluo au Mluhya. Alipelekwa mbele ya kamati ya kumchuja, akatakiwa athibitishe kuwa yeye na babu yake ni Wakenya. Mwezi Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi katika jambo hili. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki, haajiriwi, haandikishi biashara, wala hapigi kura. Je, tutamwambiaje mtu kama huyo kwamba hana moyo wa biashara?

Hapa sina budi kuwapa Wahindi haki yao. Karatasi peke yake haijengi duka. Mwenye duka dogo kijijini alipata bidhaa kwa mkopo kutoka kwa mwenye ghala mjini, naye wa mjini alikopeshwa na tajiri wa Mombasa, na mara nyingi wote walikuwa wa ukoo au madhehebu mamoja. Akianguka mmoja, wenzake walimwinua, kwa kuwa aibu yake ilikuwa aibu yao. Walijenga shule na zahanati zao, wakafungua bima na benki zao. Hilo ni jambo la kuigwa, si la kuonewa kijicho. Lakini nawauliza wanaolisifu: je, Wanubi hawana umoja? Nani asiyejua jinsi wanavyochangiana msiba, arusi na Idi? Umoja wanao tele. Kinachokosekana ni dhamana. Umoja wenye dhamana huanzisha benki; umoja usio na dhamana huishia kununua sanda.

Waluo nao walilitambua hilo mapema. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake waliandikisha shirika la kuweka akiba na kufanya biashara, Luo Thrift and Trading Corporation, ambalo lilijenga Ramogi House papa hapa Kisumu. Katika enzi ambapo sheria za mkoloni zilidhibiti mikopo kwa Waafrika, hawakupoteza wakati kubishana iwapo damu yao ina biashara au haina. Walitafuta senti, wakazitia katika daftari, wakajenga.

Anayeshikilia kwamba tofauti ni ya damu na atembee nami Manyatta. Hapa aliye na hatimiliki ya shamba la babu yake amejenga vyumba vya kupangisha, na kila mwisho wa mwezi hukusanya kodi. Anayempangia, ambaye yamkini alitoka Siaya au Homa Bay, ana damu hiyo hiyo, lugha hiyo hiyo na bidii pengine kumshinda. Hata hivyo hupanga leo na kuhama kesho. Kama karatasi inaweza kuwatenga ndugu wawili kiasi hicho, kwa nini isiwatenge Mhindi na Mnubi?

Suala hili si la kupiga soga mkahawani. Fikra ya damu ina gharama yake. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliozua utata, maduka mengi ya Kisumu yalivunjwa, yakaporwa na kutiwa moto, na mengi ya hayo yalikuwa ya Waasia. Siku chache baadaye waliokosa kazi walikuwa watu wa Manyatta, Nyalenda na Obunga, waliokuwa makarani, wapagazi na walinzi katika maduka hayo hayo. Anayeamini kuwa mwenzake ametajirika kwa damu haoni haya kumpora. Na anayeamini kuwa mwenzake amefukarika kwa damu haoni haja ya kumtetea anapobomolewa. Dhana ni moja, na imewadhuru wote wawili.

Kwa maoni yangu mambo matatu yanatupasa. Kwanza, Wanubi waliobomolewa Kibos wapewe makao yenye hati, na zisiwe ahadi za majukwaani. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na sioni dhuluma iliyo ya kihistoria kuliko hii. Pili, kitambulisho kitolewe kwa mtoto wa Mnubi jinsi kinavyotolewa kwa mtoto wangu, bila kuulizwa habari za babu. Tatu, sisi tulio katika vyama vya akiba vya mitaani tuziandike fedha zetu, tuandikishe vyama vyetu, na tuwafungulie milango majirani wa kila kabila.

Mkahawa ule ungalipo, na wale vijana bado hukutana hapo. Nimekusudia kuwapelekea gazeti hili wajisomee wenyewe. Ama yule mama, sina la kumfundisha. Ninalomwombea ni kwamba kabla hajafumba macho, naye apate karatasi ya kuweka kabatini.