Sugu ni Nani?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili aghalabu hudhani kwamba maabara ni uwanja wa wengine. Hilo ni kosa. Chukua mfano wa GeneXpert, kipimo cha kifua kikuu kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mnamo Desemba 2010, na ambacho hutumika nchini Kenya. Kwa muda wa takribani saa mbili, mashine hii hutambua kama bakteria wa ugonjwa huo wamo katika kohozi, na kama dawa ya rifampisini ingali na uwezo wa kuwaua.

Siri yake ni nuru. Toleo la kwanza lilitumia vichunguzi vitano vya kikemikali, kila kimoja kikitafuta sehemu yake ya jeni ya bakteria. Kichunguzi kikiikuta sehemu hiyo haijabadilika, hushikamana nayo na kung'aa. Ikiwa imebadilika, hushindwa kushika, na nuru yake hukosekana au huchelewa. Usugu, basi, husomwa katika taa isiyowaka.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohitajika. Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa mara kwa mara. Sitiari hiyo yawafaa bakteria waliozoea dawa. Lakini neno lilo hilo tumelitwika mhalifu sugu na mlevi sugu. Mgonjwa anayeambiwa kwamba "yeye ni sugu" husikia hukumu. Ilhali yamkini hakukatiza dozi hata siku moja; huenda aliambukizwa bakteria waliokwisha kuwa sugu.

Sipendekezi tulitupe neno. Napendekeza tumrudishie mwenyewe: bakteria ndio sugu, mgonjwa siye. "Bakteria walio kifuani mwako hawasikii dawa hii, tutakupa nyingine." Sentensi hiyo yabeba ukweli wa maabara bila kumtia mtu aibu.

Katiba ya mwaka uo huo wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo una faida gani iwapo jibu la mashine humfikia mgonjwa likiwa lawama? Hapa Eldoret, masomo ya tiba na ya Kiswahili yamo katika Chuo Kikuu kimoja cha Moi. Hapana budi wanafunzi wa pande hizi mbili waketi pamoja na kuyaandika maelezo ya majibu hayo, kisha wayasome mbele ya wagonjwa wenyewe kabla ya kuyaita sanifu.