'Distress for Rent': Neno la korti linalogusa runinga yako, si mlango wako

Umetoka kazini, saa mbili usiku. Unafika kwa mlango wa keja yako, bedsita ya huko Pipeline au Roysambu, unapata kufuli usiyoijua. Keateka anakwambia, "Landilodi amesema ulipe kwanza." Ukiuliza ni kwa sheria gani, unaonyeshwa karatasi yenye maneno 'Distress for Rent'. Unanyamaza. Nani ataanza kubishana na Kizungu cha korti usiku huo?

Hebu basi tulifungue neno hilo, kwa sababu wengi wanaolitumia kukutisha hawajui linasema nini.

Ukisikia 'distress' unafikiria dhiki au msongo wa mawazo. Katika sheria ya nyumba, ni haki ya mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji anayedaiwa kodi, na deni lisipolipwa, mali hiyo ipigwe mnada. Nchini Kenya haki hii iko katika Sura ya 293, sheria tuliyoachiwa na mkoloni. Kifungu cha 3 kinampa mwenye nyumba njia ileile anayopewa na sheria za kale za kimila za Uingereza.

Neno lenyewe limesafiri mbali. Mzizi wake ni Kilatini, 'distringere', yaani kuvuta huku na huku, kubana. Likapitia Kifaransa cha zamani hadi Kiingereza. Enzi hizo bwana wa shamba alikamata ng'ombe wa mpangaji na kuwafungia zizini hadi deni lilipwe. Eneo ambalo bwana alikuwa na mamlaka ya kubana watu hivyo ndilo lilizaa neno 'district', lile tulilotumia miaka mingi kwa wilaya. Hata 'stress' unayolalamikia kila mwisho wa mwezi ina undugu na neno hilo.

Mabwana walitumia nguvu hizo vibaya, ndiposa mwaka 1267 sheria ya Marlborough ikawawekea mipaka. Ruhusa ya kuuza mali iliyokamatwa ilikuja baadaye sana, mwaka 1689. Kabla ya hapo, mali ilishikwa tu kama dhamana.

Sasa sikia hii. Waliotuletea sheria hiyo wameshaitupa. England na Wales ziliifuta tarehe 6 Aprili 2014. Mwenye duka au ofisi huko aliwekewa utaratibu mpya wa kudai malimbikizo, lakini kwa nyumba ya kuishi, hakuna tena kuchukua vitu vya mpangaji hivi hivi. Sisi bado tunayo.

Shida kubwa hapa kwetu ni tafsiri. Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini sheria inayoweza kukuondolea friji imeandikwa kwa Kiingereza, na haina jina moja la Kiswahili ambalo watu mtaani wanalijua. Wengine husema "kuletewa madalali", wengine "kufungiwa nyumba". Maneno hayo mawili hayalingani hata kidogo! La kwanza linakaribia maana. La pili ni jambo lingine kabisa.

Tafsiri ya haki ingekuwa "kukamata mali kwa deni la kodi". Ukiitamka hivyo, ukweli unajitokeza wenyewe: kinachokamatwa ni mali. Si mlango, si mabati, si wewe mwenyewe. Kwa hakika, anayekamata mali kwa njia hii anakiri kwamba wewe bado ni mpangaji wake. Hawezi kutumia karatasi hiyohiyo kukutupa nje.

Hata hiyo mali haichukuliwi ovyo. Mtu wa kukamata lazima awe na kibali, si kijana wa mtaa aliyelipwa mia tano. Chini ya kanuni hizo za kale, haifanywi usiku, wala mlango wa nje hauvunjwi ili kuingia. Na mali isizidi deni kupita kiasi. Deni la elfu sita haliwezi kubeba runinga, sofa, friji na laptopu kwa pamoja.

Je, kuna kinga nyingine? Ipo Sura ya 296 yenye jopo maalumu la kesi za kodi, ila ni kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Bedsita ngapi Nairobi bado ziko hapo? Mwaka 2021 kulikuwa na mswada wa kuunganisha sheria hizi za upangaji kuwa moja. Vijana wanaopanga nyumba ndio wanaofaa kuuliza wabunge wao kuhusu jambo hilo.

Tusidanganyane: deni ni deni, na landilodi naye ana mkopo wa benki wa kulipa. Ongea naye mapema kabla mambo hayajaharibika, na uhifadhi kila ujumbe wa M-Pesa wa kodi. Lakini madalali wakija, waulize mambo matatu: kibali kiko wapi, hesabu ya deni iko wapi, na orodha ya vitu mnavyochukua iko wapi?

Na ukipata kufuli mlangoni, usikubali kuambiwa hiyo ndiyo 'distress'. Sasa unajua maana yake.