Klabu za huduma zifike na pochi

Nauza vifaa vya ujenzi Kitengela. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukata vioo vya madirisha, maana mji huu haujapumzika kujengwa, na kila kioo ninachokata huacha kipande ambacho hakuna fundi anayekitaka. Vipande hivyo haviungui wala haviozi. Ukivizika shambani, ng'ombe wa jirani atavikanyaga mvua ikishaosha udongo. Ndiyo maana klabu yetu ya huduma ilipotaka kujifunza kuhusu biashara zisizoharibu mazingira, niliomba twende Kitengela Hot Glass, karakana ya Anselm Croze iliyo karibu na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, mahali ambapo mama yake, msanii Nani Croze, alianzisha kazi za vioo miongo kadhaa iliyopita.

Pale, mabaki kama yangu ndiyo malighafi. Yanayeyushwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Fundi anachovya bomba refu la chuma, anatoa bonge jekundu linalovutika kama asali, na tangu hapo mikono yake haisimami: anazungusha, anapuliza, anazungusha tena. Akikawia tu, bonge linapinda upande mmoja. Wanaomsaidia wanajua zamu zao bila kuambiwa. Bilauri ikishapata umbo haiachwi nje ipoe, kwani itapasuka. Hutiwa kwenye tanuri jingine ipoe taratibu kwa saa nyingi.

Nilisimama pale nikiiwazia Magadi. Magadi, iliyo humu humu Kajiado, imekuwa ikichimbwa kwa biashara tangu mwaka 1911, na kazi kubwa ya magadi duniani ni kutengeneza kioo: huufanya mchanga uyeyuke kwa joto la chini zaidi. Tunayapakia magadi hayo kwenye treni hadi Mombasa, yanavuka bahari, kisha tunauziwa bilauri kutoka ng'ambo. Hesabu hiyo inaniuma kama mfanyabiashara.

Sasa, klabu za huduma tuna desturi zetu. Tunatembelea, tunauliza maswali mazuri, tunapiga picha ya pamoja, tunarudi. Rotary ililiingiza suala la mazingira rasmi katika maeneo yake ya huduma mwaka 2021, na sote tumepanda miti, jambo jema. Lakini karakana inayolipa mishahara kila mwezi inataka oda. Sisi tunazo. Kila mgeni anayekuja kutuhutubia hupewa zawadi. Kila kiongozi anayemaliza muhula hupewa tuzo. Nyingi ya tuzo hizo ni plastiki iliyotoka mbali, yenye bamba la jina lililobandikwa kwa gundi.

Wapo wanachama wanaosema bilauri iliyopulizwa kwa mdomo ni ghali. Ni kweli, bei yake iko juu kuliko ya dukani, na siwezi kumlaumu mama wa nyumbani anayechagua ile ya bei nafuu. Klabu ni jambo jingine. Klabu imekwishaamua kutumia fedha hizo. Kinachobaki ni kuamua zimfikie nani.

Kwamba mazingira hulindwa pale fedha inapomfikia anayeyatunza, wafugaji wa hapa wanalielewa kuliko sisi. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushie ardhi ua wala kuiuza, wanyama wa mbugani wapate kupita. Malipo yalipangwa yafike wakati wa karo. Familia ziliingia kwenye mpango kwa sababu fedha ilionekana mkononi, mtoto akiwa na sare tayari.

Mwaka wa klabu unaanza Julai, na bajeti ya zawadi bado haijapitishwa. Nimeandika pendekezo: tuzo zote za mwaka ujao ziagizwe karakana hiyo, na wenye maduka ya vioo kati ya Kitengela na Isinya tuweke mapipa ya mabaki. Pipa la kwanza nimeshaliweka nyuma ya duka langu.