Robo ya Maji Kila Wiki

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo hungoja maji yachafuke machoni ndipo washike ndoo. Hapo wamechelewa. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na makombo ya chakula huiongeza. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo hujilimbikiza hadi mtu aichote.

Ndiyo maana kubadilisha robo ya maji kila wiki ni bora kuliko kumwaga tangi zima mara moja kwa mwezi na kuosha sponji ya chujio bombani. Usafi wa namna hiyo huwaua bakteria wenyewe. Sponji ikamuliwe ndani ya maji yaleyale yaliyotolewa tangini.

Samaki aina ya Tropheus wa Ziwa Tanganyika ni mfano mzuri. Ziwa lao lina pH inayokaribia 9, na katika maji ya aina hiyo amonia huwa na sumu kali zaidi. Anayewafuga hana ruhusa ya uvivu.

Maji ya bomba yakilazwa kwenye ndoo wazi, klorini hupungua. Kloramini, kama imo kwenye maji hayo, ni king'ang'anizi, inahitaji dawa ya kuiondoa. Mahitaji mengine ni mpira wa kufyonza uchafu kwenye changarawe, ndoo isiyowahi kuguswa na sabuni, na maji mapya yenye joto sawa na yale ya tangini. Samaki wa dhahabu, mlafi yule, abadilishiwe hata mara mbili kwa wiki, hasa akiwekwa kwenye lile bakuli dogo la kioo, ambalo kwa kweli halimfai kabisa.